Mabomba ya springla na baridi ya kugandisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa yeyote mwenye dhamana ya jengo lililofungwa springla za kuzima moto mahali ambapo baridi hushuka chini ya sifuri: msimamizi wa jengo, fundi wa matengenezo, mlinzi wa zamu ya usiku, hata mpangaji anayeshangaa kwa nini anakatazwa kuzima hita ya kwenye ngazi. Vipimo vingi vinatoka katika viwango vya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, ambavyo hufuatwa au kuigwa katika nchi nyingi. Kama ulipo kuna sheria nyingine, fuata hiyo.

Bomba la springla linatakiwa kukaa kwenye joto gani?

Nyuzijoto 4 za Selsiasi au zaidi, saa zote, kwa urefu wote wa bomba lenye maji. Ndivyo NFPA 13, kiwango cha ufungaji wa springla, kinavyotaka. Maji huganda kwenye 0, kwa hiyo hizo 4 ni akiba tu, tena akiba ndogo: mlango wa nyuma ukisahauliwa wazi usiku mmoja wenye upepo, imekwisha.

Kinachoongeza hatari ni kwamba maji ya springla hayatembei. Bomba la jikoni hupata maji mapya kila mtu anapofungua koki. La springla linaweza kukaa na maji yaleyale mwezi baada ya mwezi, na baridi inapata muda wote inaoutaka.

Thamostati ya ofisini inaonyesha 20. Si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo hasara nyingi zinapoanzia. Thamostati inapima hewa ya pale ilipopigiliwa, kimo cha kifua cha mtu, katikati ya chumba chenye joto. Bomba liko juu ya dari, au ndani ya ukuta wa nje, au nyuma ya kabati lililosukumwa likaziba tundu la hewa ya moto. Dari nzuri yenye kihami joto kizito huifanya hali kuwa mbaya zaidi kwa bomba lililo juu yake, kwa sababu joto la chumbani halipandi tena kulifikia.

Weka kipimajoto kwenye bomba lenyewe, sehemu unayoihofia kuliko zote, na ukisome alfajiri. Vipo vidogo vinavyorekodi kiwango cha chini kabisa kilichofikiwa usiku. Bei yake haifikii hata gharama ya zulia moja lililolowa.

Ni sehemu zipi huganda kwanza?

Nafasi iliyo kati ya dari na paa ndiyo inayoongoza. Inafuatiwa na ukumbi mdogo wa kuingilia wenye milango miwili, ngazi za dharura zilizobandikwa kwenye ukuta wa nje, sehemu ya kupakulia mizigo, maegesho ya magari ya chini ya jengo, na chumba chochote ambacho mtu alizima hita yake kwa kubana matumizi.

Kabla ya msimu wa baridi, panda juu ya dari mchana, siku yenye upepo ikiwezekana. Simama kwenye mbao, usikanyage dari. Kisha zima tochi. Ukiona nukta za mwanga wa nje kwenye ukingo wa paa, hapo hewa baridi inapita. Sogeza kiganja karibu na kila bomba linalopita hapo usikie kama kuna upepo. Upepo haushushi kipimo chini ya kile cha hewa ya nje, lakini unalipokonya bomba joto haraka mno, hadi kipande kifupi kinachopigwa na hewa ya tundu moja kikaganda wakati mita chache kando maji ni salama. Angalia pia nyayo za mafundi waliopita: aliyepitisha waya za intaneti au kutengeneza kiyoyozi mara nyingi husukuma kihami joto pembeni na kukiacha hivyohivyo.

Bomba letu lilipasuka ndani ya chumba chenye joto. Inawezekanaje?

Inawezekana sana. Maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Wengi hudhani barafu inatanua bomba papo hapo mpaka linachanika. Mara nyingi mambo huenda kwa njia nyingine. Barafu huanza kama kizibo, kisha kizibo kinarefuka kufuata bomba na kuyasukuma maji ambayo bado hayajaganda. Tawi la springla huishia kwenye kifuniko au kwenye springla yenyewe, kwa hiyo maji hayo hayana pa kukimbilia, na maji hayakubali kubanwa. Presha inapanda mara nyingi zaidi ya ile bomba lilitengenezewa. Kinachoachia ni sehemu dhaifu popote ilipo kati ya kizibo na mwisho wa tawi: elbo, tii, uzi wa nati, au kile kifuniko kidogo kinachoshikiliwa na kichupa cha kioo cha springla, ambacho hupasuka kwa joto la moto na kuyaachia maji.

Basi fundi akibadilisha kipande kilichopasuka na kuondoka, amefanya nusu ya kazi. Mwulize baridi iliingilia wapi. Asipojua, msimu ujao mtaonana tena.

Mbona maji yalimwagika siku jua lilipotoka?

Kwa sababu barafu iliyopasua bomba ndiyo hiyohiyo iliyokuwa imeziba ufa. Hewa ikipata joto, kizibo kinayeyuka na maji yanapita. Siku ya hatari ni ile ambayo baridi inaachia, na saa za hatari ni za asubuhi kuelekea mchana. Kama jengo lilipitia usiku mkali, usilale kwa kuwa hakuna tone lililoonekana. Mtu wa kuzunguka na mtu anayejua vali kuu ilipo wawepo siku hiyo.

Springla ya kawaida yenye kipimo cha K80 (K huonyesha wingi wa maji ambayo springla hupitisha) hutoa lita 80 kwa dakika presha ikiwa ni bar 1. Bomba lililokatika halina hata tundu dogo la springla la kulizuia. Linamwaga zaidi ya hapo.

Nikiyafunga mabomba kihami joto, nimemaliza?

Kihami joto hakitengenezi joto. Kinachelewesha tu lile lililopo lisitoke. Bomba la maji yaliyotulia, lililofungwa vizuri lakini lipo kwenye nafasi isiyopata joto kutoka popote, litaganda tu. Tofauti ni kwamba litaganda saa nne baadaye badala ya saa moja. Kama baridi inadumu siku tatu, hizo saa hazikusaidii.

Njia inayofanya kazi juu ya dari ni kulitandaza blanketi la kihami joto *juu* ya bomba kama hema, likishuka pande zote mbili hadi kwenye dari, na chini ya bomba pasiwekwe kitu. Hivyo bomba linakuwa upande wa chumba na linaota joto linalopenya dari. Kosa la kawaida ni kinyume chake: mtu anajaza sufi chini ya bomba kwa nia njema, na kumbe amelitupa nje kwenye baridi. Mikunjo na viungo visiachwe na mwanya. Na usifunike springla yenyewe. Ikifunikwa haitasikia moto, na hata ikifunguka maji yake hayatasambaa inavyopaswa.

Vipi waya wa kupasha joto?

Unafaa, kwa masharti. Uwe umepimwa na kuidhinishwa mahsusi kwa mabomba ya springla, kwa kuwa ule wa kawaida wa mabomba ya maji ya nyumbani unaweza kuipasha springla kupita kiasi au kuizuia kufanya kazi. Umeme wake usimamiwe na mfumo wa kengele, ukikatika mtu ajue. Usichomekwe kwenye waya wa kuunganishia uliolala sakafuni ambao mfagizi atauchomoa. Halafu kumbuka kwamba umeme hukatika hasa usiku wa dhoruba.

Naweza kutia kulanti kama ya gari ndani ya mabomba?

Hapana. Kulanti nyingi za magari zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu, na mabomba ya springla yameungana na maji ambayo huenda watu wanayanywa.

Dawa za kuzuia kuganda zilizotengenezewa springla zipo, lakini historia yake imewafanya wataalamu kuwa waangalifu. Mwaka 2009 kulitokea moto wa jikoni katika nyumba ya ghorofa mjini Truckee, California. Springla ilifunguka ilivyotakiwa, ila kilichotoka kilikuwa mchanganyiko wenye gliserini zaidi ya asilimia 70. Ukanyunyizwa juu ya moto, ukawaka. Mtu mmoja alifariki. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba gliserini na propilini glikoli zikizidi kiasi, ule ukungu unaotoka kwenye springla unaweza kuwa nishati ya moto badala ya kuuzima. NFPA ikaanza kubana masharti kuanzia 2010, na kwa mifumo ya zamani ikaweka ukomo: baada ya tarehe 30 Septemba 2022, dawa iliyomo iwe ni ile iliyopimwa na kuidhinishwa kwa kazi ya springla. Jengo lako likiwa na mchanganyiko ambao hakuna anayejua ulitiwa na nani wala lini, utoe upimwe.

Mambo mengine mawili. Dawa ikizidi maji ni hatari ya kuwaka, ikipungua inaganda. Ndiyo maana hupimwa kila mwaka kabla ya msimu wa baridi, tena zaidi ya sehemu moja ya bomba, kwa sababu mchanganyiko uliotiwa vibaya hujitenga, mzito ukabaki chini. La pili ni mabomba ya plastiki ya CPVC: glikoli huyadhuru yakapata nyufa. Bomba likiwa la plastiki, mtengenezaji wake ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mfumo mkavu ni nini?

Ni mfumo ambao mabomba yaliyo kwenye baridi yamejaa hewa yenye presha badala ya maji. Maji yanasubiri nyuma ya vali iliyo kwenye chumba chenye joto. Hewa inaikandamiza vali hiyo kwenye eneo pana kuliko lile maji yanalosukuma kutoka chini, kwa hiyo presha ndogo ya hewa inayashinda maji yenye presha kubwa zaidi. Springla ikifunguka hewa inatoka, vali inaachia, maji yanakimbia hadi kwenye moto.

Gharama yake ni muda. Kabla maji hayajafika lazima hewa iishe, na moto haungoji. Kwa mifumo mikubwa kiwango ni maji yafike kwenye koki ya majaribio ya mbali kabisa ndani ya sekunde 60. Kwa sababu hiyo, na kwa matengenezo yake mengi, ningeshauri mfumo mkavu pale tu ambapo huwezi kulipatia bomba joto. Chumba chenye hita ya kuaminika na mfumo wa maji wa kawaida ni rahisi kutunza.

Kumbe mfumo mkavu hauwezi kuganda?

Huganda, na ukiganda huwashangaza wenyewe kwa kuwa walishaacha kuufikiria. Maji huingia kwa njia mbili: yale yaliyobaki baada ya majaribio, na unyevu unaoletwa na kompresa kila inapojaza hewa. Yote hukimbilia mahali pa chini. Ndiyo maana mabomba hulazwa na mteremko, milimita 4 kwa kila mita kwenye matawi na milimita 2 kwenye mabomba makuu. Kibanio kimoja kikilegea, bomba linabonyea na kutengeneza kidimbwi ambacho hukioni kutoka chini. Pima kwa timazi ya maji pale unapotilia shaka.

Mahali pa chini ambapo maji hukusanyika pana koki za kutolea, na za mikusanyiko mikubwa hutengenezwa kwa koki mbili zenye kipande kinene cha bomba katikati. Utaratibu wake ni huu. Waarifu kwanza wanaopokea kengele ya moto. Funga koki ya juu, ambayo kwa kawaida hukaa wazi. Ondoa kizibo cha chini, weka ndoo, fungua koki ya chini taratibu, acha maji yote yatoke. Funga ya chini. Fungua ya juu, ngoja maji mengine yateremke. Rudia mpaka itoke hewa tupu. Mwisho ya juu ibaki wazi, ya chini imefungwa, kizibo kimerudi mahali pake.

Usifungue zote mbili kwa pamoja. Hewa itatoka kwa mkupuo, vali itadhani kuna moto, na mfumo mzima utajaa maji katikati ya baridi kali. Aliyefanya hivyo mara moja huwa harudii.

Kazi hii ifanyike baada ya kila jaribio, kabla ya msimu wa baridi, na kila baada ya siku chache mwanzoni mwa msimu hadi koki zisitoe kitu. Andika tarehe na kiasi cha maji kwenye kadi iliyofungwa hapohapo. Koki inayotoa ndoo nzima kila mara inakuambia kuna jambo huko juu.

Na springla za ndani ya friza au ghala la baridi?

Huko adui hasa ni unyevu wa kwenye hewa iliyo ndani ya bomba. Hewa ya kompresa ikiingia sehemu ya baridi, mvuke wake hugeuka jalidi ukutani mwa bomba, na mara nyingi hujikusanya pale bomba linapovuka ukuta kuingia friza. Kwa miaka kadhaa linaweza kuziba kabisa bila dalili yoyote nje. NFPA 25, kiwango cha ukaguzi na matengenezo, kinataka sehemu hiyo ifunguliwe na kutazamwa ndani kila mwaka. Hewa iliyokaushwa au gesi ya nitrojeni hupunguza tatizo, na nitrojeni inapunguza pia kutu.

Kwa springla chache tu zinazoingia sehemu ya baridi kutoka kwenye bomba lililo upande wa joto, kuna springla kavu zenye shina refu, kifuniko chake kikiwa upande wa joto. Urefu wa shina huchaguliwa kwa kipimo, haukisiwi, na tundu linapopita liwe limezibwa lisipitishe hewa.

Niache maji yatiririke kidogo kama watu wanavyofanya kwenye sinki?

Hapana. Utawasha kengele ya mtiririko wa maji, na hayo machache yatapita bomba kuu tu. Matawi yatabaki yametulia.

Jengo halina watu. Nifunge maji na kuzima hita?

Usiamue peke yako. Kufunga springla ni kuliacha jengo bila kinga, na inaweza kuvunja sheria pamoja na mkataba wa bima. Zungumza na zimamoto na kampuni ya bima kwanza. Kama wote wamekubali, mfumo umwagwe kabisa hadi kwenye vidimbwi vyake, maana bomba lililomwagwa nusu bado linapasuka. La sivyo acha hita zikiwaka, weka kengele ya joto la chini inayompigia mtu halisi simu, na mtu apite kukagua.

Kwetu baridi ya namna hiyo ni nadra. Nijisumbue?

Februari 2021 huko Texas baridi kali iliambatana na kukatika kwa umeme kwa mamilioni ya wateja, na mabomba yalipasuka katika majengo ambayo miaka yote hayakuwa na shida. Penye baridi ya kila mwaka watu wamejenga wakiitarajia. Penye baridi ya nadra, bomba hupitishwa popote. Angalau jua vali yako ilipo, uwe na mpango wa hita umeme ukikatika, na zile nukta za mwanga ukingoni mwa paa uzizibe.

Mbali na mabomba ya springla, nini kingine?

Chumba cha pampu kisishuke chini ya nyuzijoto 4. Kama pampu ni ya dizeli na injini haina kipasha joto chake, 21. Tangi la maji lisishuke chini ya 4 pia. Bomba la chini ya ardhi lifukiwe angalau sentimita 30 chini ya kina ambacho ardhi huganda. Mdomo wa nje ambao zimamoto huunganishia mipira una vali ndogo ya kujimwaga. Ikiziba kwa kutu, maji yanabaki na kuganda hapo, na gari la zimamoto likifika halina pa kuingizia.

Nimegundua bomba limeganda. Nifanye nini sasa hivi?

Chukulia kwamba limeshapasuka hata kama halivuji. Piga simu kwa kampuni ya springla, waarifu zimamoto na wanaopokea kengele. Kwa maelekezo yao funga vali ya sehemu hiyo na fungua koki kuu ya kutolea maji, ili barafu ikiyeyuka isikute maji mengi nyuma yake. Mtu mmoja abaki karibu na vali.

Kisha pasha *chumba*, taratibu, kwa hita salama. Usilete tochi ya gesi wala moto wa aina yoyote. Kuna majengo yameungua kwa sababu ya mtu aliyekuwa akiyeyusha bomba. Usielekeze joto kali kwenye springla, itafunguka.

Springla zikikaa bila kufanya kazi kwa zaidi ya saa 10 ndani ya saa 24, NFPA 25 inataka hatua: watu watolewe, au pawe na chanzo cha maji cha muda, au walinzi wa zamu wanaozunguka jengo lote wakitafuta moto, wakiwa na simu na bila kazi nyingine mkononi. Lichukulie kwa uzito. Usiku wa baridi kali ndio watu huwasha hita za kubebeka karibu na mapazia.

Limeyeyuka na halivuji. Nifungue vali?

Subiri fundi. Springla zote za sehemu iliyoganda zikaguliwe, na zilizokuwa kwenye barafu zibadilishwe. Kifuniko kilichosukumwa kidogo kinaweza kushikilia leo kikaachia wiki ijayo. Viungo vitazamwe kimoja kimoja. Mafundi wengi huanza kwa kujaza hewa ya presha ndogo, kwa kuwa hewa ikivuja hailowanishi mtu, ndipo wanarudisha maji polepole huku mtu akiwa amesimama kila ghorofa. Vali ikishafunguliwa, ifungwe kwa mnyororo ikiwa wazi, na kengele ijaribiwe. Vali iliyosahauliwa imefungwa baada ya matengenezo haionekani mpaka siku ya moto.